Ukurasa Usioandikwa "Imerudi"

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijui nianzeje na wewe bila hiyo.

Tangu tumalize arobaini yako situlii. Naketi, nasimama, natoka mpaka mtoni hapa Bigwa, narudi. Ukoo umenirithisha jina lako. Hata mama, dada yako, sasa ananiita Kobelo, halafu anageuka kufuta machozi. Darasa lako pia nimepewa mimi, pamoja na daftari la hesabu za herufi ulizojifunza kwa Wadachi, wale Wajerumani, mlipokuwa mkipima njia ya reli.

Kilichonivuruga kimo humo. a³ − 7a + 10, igawanywe kwa a − 2. Uligawanya vizuri, ukapata a² + 2a − 3. Mwishoni ulitakiwa kutoa sita kwenye kumi, wewe ukajumlisha, ukaandika baki 16. Nikahakiki ulivyonifundisha: zidisha jibu kwa kigawanyo, ongeza baki, hesabu irudi ilikotoka. Mahali pa kumi ikaja 22. Nilirudia mara tano nikiomba kosa liwe langu. Baki ni 4, Mjomba.

Chini ya kila hesabu uliandika "imerudi". Chini ya hii hakuna kitu. Ni ile siku ya homa, ulifundisha huku unatetemeka, na mimi niko Mlali navuna mahindi, nimesikia unaumwa, nimetuma salamu kwamba nitakuja Ijumaa. Ijumaa nilikukuta umeshazikwa. Hilo linaniuma kuliko hesabu.

Wanafunzi wote walikuwa wameinakili. Mama akanikataza kuisahihisha: "Marehemu hasahihishwi. Utamvua nguo kaburini." Nikamjibu vibaya, nikaenda darasani. Pale ubaoni nikakumbuka ulivyozoea kutuambia, "Msiniamini mimi, aminini iliyorudi." Nikafuta 16, nikaandika 4, tukahakiki wote mpaka kumi ikatokea. Hakuna aliyecheka. Mama akaninunia siku tatu.

Leo asubuhi nimempelekea daftari. Hajui kusoma, nikamsomea nilichoongeza chini ya hesabu ile: "Imerudi. Imesahihishwa na Kobelo."

Akaniuliza, "Kobelo yupi?"

Nikamwambia, "Mlinipa jina lake, basi yupo mmoja tu." Akanisogezea kigoda na uji.

Pumzika, Mjomba. Sitafunga ukurasa bila kuhakiki. Na nikisikia mtu wangu ana homa, sitangoja Ijumaa.

Mimi,
Kobelo