Triko la Heri halikupotea njiani

Mpendwa Yaya Feza, dada yangu,

Jumapili iliyopita uliniuliza kwenye simu kama mvua imeshafika Kalemie. Nikakujibu imefika, ukacheka, ukasema basi duka limeshajaa kelele. Limejaa kweli. Mlima wa nyuma ya stesheni umeota majani ndani ya wiki moja, ziwa limechafuka kwa udongo wa mito, na asubuhi kuna ule ubaridi unaowafanya akina mama wakumbuke ghafla kwamba watoto hawana kofia. Wanaingia na matope miguuni, wanakaa, hawanunui kitu, wanaongea. Wewe uliwapenda hivyo hivyo. Mimi nawafokea kwanza, halafu nawapa kiti.

Jambo ninalotaka kukuambia limenishinda kwenye simu. Nimerekodi odio mara tatu, nikafuta mara tatu. Nimeona bora niandike, nimpe barua mtu anayepanda treni ya Kongolo, ili ikishatoka mkononi mwangu nisiweze kuirudisha. Ni juu ya triko la Heri, ile sweta ya mwanao. Soma ukiwa umekaa.

Kwanza niache nikumbuke kidogo. Utasema nakwepa, na ni kweli, nakwepa.

Unakumbuka siku niliyoingia dukani kwako? Nilikuwa nimefika juzi tu kutoka Niemba, simjui mtu, mvua ikanikuta barabarani nikajibanza mlangoni. Sikutaka uzi wala sindano. Ukaniuliza, "Unajua kufuma?" Nikasema hapana. "Na kufumua?" Nikacheka. Ukanitupia triko kuukuu la mtumba, limevuka ziwa kutoka Kigoma, la mtu mnene wa nchi ya baridi, ukaniambia, "Ingia, vuta. Kubomoa kila muntu anajua." Nikavuta mpaka mvua ikakatika. Kesho yake nikarudi bila mvua.

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha, kwa kuanzia mwisho. Nyuzi mpya zilikuwa za kubahatisha, leo zipo, mwezi ujao hakuna. Kwa hiyo tulichambua mitumba, tukakata mishono, tukafumua, tukafua uzi kwa sabuni, tukauanika mafungu mafungu kwenye kamba ya uani, tukauviringisha madonge. Kofia za watoto wa nusu ya mtaa zilitoka humo. Kufuma kulinichukua miaka, na soksi zangu mpaka leo kisigino kinakaa vibaya. Lakini kufumua! Hakuna aliyenifikia. Mukaniita Mashine, nami nikavimba kichwa.

Halafu ile Alhamisi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza. Uliianzisha wewe. Kila mmoja analeta triko lililobana au lililotobolewa na wadudu, analitupa kwenye mkeka katikati ya duka, na likishagusa mkeka hakuna kuuliza ni la nani. Sheria yako hiyo, na uliisimamia kwa ukali, kwa sababu mengine yalikuwa ya wanaume waliokwenda zao, mengine ya watu waliozikwa. Tulikaa, tukavuta, tukaimba, tukasengenya, na jioni kila mtu akaenda na madonge yasiyo yake. Nilizipenda Alhamisi hizo kuliko Krismasi.

Sasa nisikilize, Yaya. Mwaka juzi, Alhamisi hiyo, ulikuja na triko la Heri ndani ya sashe, mfuko mdogo wa plastiki. Kiwiko kilikuwa kimeliwa na wadudu, ukataka kukiziba. Uliliweka kwenye kiti nyuma ya meza. Mvua ikashuka ghafla, ukakimbia uani kuokoa nyuzi zilizoanikwa, na wengine wawili nyuma yako, ikawafungia kwenye kibanda cha uani karibu saa nzima. Hapo hapo akaingia Mama Anto na ule mwili wake, anahema, anatafuta pa kukaa. Nikachukua kilichokuwa kitini, nikakitoa kwenye sashe bila kuangalia, nikakitupa kwenye mkeka. Sashe nikaikunja mfukoni, wajua nisivyotupa kitu. Nikampa Mama Anto kiti.

Nilikuwa nimemaliza triko langu kabla ya wote, kama kawaida ya majivuno yangu, nikanyakua jingine. La manjano, kama mengine mawili ya siku ile. Nikakata mishono, nikaanza na mkono wa kulia, uzi ukaja vizuri sana.

Mpaka hapo lilikuwa kosa. Kama lingeishia hapo, ningekuambia siku ile ile na tungelia pamoja.

Lakini nilipokuwa namaliza mkono ule wa triko, vidole vyangu vilishtuka. Wewe unafuma kwa mkono wa kushoto, vitanzi vyako vinalalia upande ambao vya wengine havilalii. Kalemie nzima sijaona vingine vya namna hiyo. Nikageuza kola, nikaona herufi H kwa uzi mwekundu. Nilijua, Yaya. Ulishanisimulia, siku unanifundisha kisigino cha soksi, kwamba Heri aliondoka kwa homa ya siku tatu, ana miaka minane, na kwamba wakwe zako waligawa nguo zake zote, ukaficha hii moja chini ya sanduku.

Nikaendelea kuvuta.

Mama Anto alikuwa anapiga makofi, "Vuta, Mashine, vuta!" na wengine wanacheka. Ningesimama, wangeuliza kwa nini. Ningesema, wangeniona mjinga, na wewe ungeingia ukiwa umelowa ukaniangalia. Sikuwa na sababu nyingine. Ulikuwa umebaki mkono wa pili, kifua na mgongo, vyote vizima. Kwa siku mbili ungeweza kuurudishia mkono mmoja uliopotea. Mimi nikaona afadhali pasibaki kitu cha kunishtaki. Nikavuta mpaka kola, nikang'oa na ile herufi, nikaviringisha madonge manne na kuyachanganya na ya wengine. Uliporudi ndani na nyuzi kwenye kitenge, unacheka, matone yanakudondoka puani, lilikuwa limekwisha.

Wakati wa kufunga ukauliza, "Sashe yangu njo iko wapi? Niliweka hapa." Nikasema sijaiona. Ukazunguka, ukainama chini ya meza, ukainua mkeka. Na mimi nikainama nawe, mama yangu we, nikatafuta! Kisha nikasema, "Labda ulisahau kwenye pikipiki, Yaya." Wewe hukuwa umeiwaza pikipiki. Niliitunga mimi, na sashe iko mfukoni mwangu.

Siku tatu ulizunguka vituo vya pikipiki unauliza vijana. Jumapili ukasimama kanisani wakati wa matangazo: "Nimepoteza triko ya mutoto, ya manjano, atakayeiona anirudishie, hata ikiwa imechanika." Sauti yako haikutetemeka. Ni njiani, tukirudi, ndipo ulipokatika. Ukaniambia, "Heri alinishinda kumulinda. Sasa hata triko yake imenishinda. Miye niko mama wa namna gani?" Nikakushika mkono. Nikasema, "Usiseme hivyo, Yaya." Ee Mungu wangu. Nilikuwa na jibu lote kifuani, nikakupa hayo maneno matatu.

Ukaacha kufuma. Ukawa unakuja Alhamisi, unakaa na mikono mapajani, kisha ukawa huji. Binti yako alipokuita Kongolo hukubisha. Ukatuita wote, ukaniachia duka mbele yao, ukasema, "Huyu hapotezi kitu." Wakapiga vigelegele. Nilikwenda uani nikajificha nyuma ya kamba ya nyuzi, mukasema ni uchungu wa kuagana.

Donge moja lilikwisha kwenye soksi za mtoto aliyebatizwa mwezi ule. Ulimbeba mlangoni pa kanisa, ukazisifu. Jingine sijui liliko. Mawili niliyaomba nikayapata. Utanichukia kwa hili pia: nilijaribu kulifuma upya, kwa mkono wa kushoto, ili nije nikuambie kijana fulani ameliokota. Nilitaka kufunika uongo wa kwanza kwa mwingine. Lilitoka takataka, hata mimi nisingelipokea. Nikafumua.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku ya mkeka. Nilichukua triko la kwanza nikashindwa kuvuta. Mama Anto akasema, "Ata! Mashine imekufa leo?" Wakacheka, nami nikawaambia yote, hapo hapo, kama nilivyokuandikia. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja alikusanya vitu vyake akatoka. Mama Anto aliweka chini triko lake, akauliza, "Feza anajua?" Nikasema hapana. "Sasa sisi unatuambia ya nini? Andika."

Ndiyo hii. Madonge mawili yamo kwenye mfuko pamoja na barua. Sijui utayafanyia nini, nimeona tu hayastahili kukaa kwangu. Siombi unisamehe. Ningeomba kama ningekuwa nimekosea tu, na nimekueleza pale nilipoacha kukosea nikaanza kuchagua. Duka ukitaka nitoke, mwambie Mama Anto, nitatoka siku hiyo hiyo bila maneno. Usijilazimishe kunipigia.

Jumapili, wakati wa matangazo, nitasimama kanisani. Nitasimama kwa sababu watu wote wale walikusikia ukisema umepoteza triko la mwanao, wakatikisa vichwa, wakakuhurumia kama mtu mzembe, na wewe mwenyewe ukawaamini. Nitawaambia hukupoteza kitu. Ulilitunza miaka yote, ukalileta mchana kweupe, ukaliweka kwenye kiti chako, ndani ya duka lako, kwa watu wako. Ulikuwa mama mzuri wa Heri mpaka dakika ile, na baada ya dakika ile pia.

Ni mimi.

Mdogo wako wa dukani,
uliyemwita Mashine