Chapa ya Montana Itamkinga Mume Wangu?

Shangazi Corliss mpendwa, nakuandikia hapo gazetini, maana huku kwetu kila mtu ameshachagua upande na sina mwingine wa kumuuliza, tafadhali nisaidie kabla Jumatatu haijafika.

Mume wangu Orrin ni fundi wa kuunga vyuma, trekta likivunjika popote bondeni huletwa kwetu, na tangu jimbo lipitishe ile sheria kwamba silaha na vifaa vyake vikiundwa Montana, vikabaki Montana na kupigwa chapa ya Montana, basi haviihusu serikali kuu ya Washington, amekuwa akitengeneza vizuia sauti vya bunduki bandani kwetu bila kuviandikisha popote, kwa sababu masikio yake yameharibika kwa kuwinda na hataki ya majirani yaharibike pia. Kila kimoja hukigonga chapa, IMEUNDWA MONTANA, kisha hukipangusa kwa kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto uso. Siku ya kwanza alipokijaribu nilikuwa nyuma yake, nimeziba masikio, mara nikasikia mlio kama mlango uliobamizwa, basi, ndama hawakuinua hata vichwa, na baada yake nikausikia upepo ndani ya ngano. Nilipigwa na bumbuwazi, Shangazi. Nikaamini chuma kile na chapa ile vinaweza lolote.

Hata Sherifu Delmar, mkuu wa polisi wa hapa kwetu, alikuja kuchukua kizuia sauti chake, akala pai yangu akaongeza, akasema, "Orrin, wewe lala usingizi. Hao wa Washington wakija watanikuta mimi kwanza."

Wiki iliyopita walikuja. Yaani alikuja mmoja, Signe, binti wa jirani zetu kina Brekke, niliyemfundisha shule ya Jumapili, siku hizi ni askari wa serikali kuu, kitengo cha silaha. Alivua viatu mlangoni kama mama yake alivyomlea, akasema, "Mzee Orrin, chapa yako naiheshimu, ila mimi hainizuii. Jumatatu njoo mjini na wakili, lete vyote ulivyonavyo, mwendesha mashtaka amekubali kukusikiliza. Usipokuja watakuja wenzangu na hati ya upekuzi, na hapo mimi sitakuwa na sauti."

Orrin akafoka, "We mtoto, si mimi niliyekufundisha kulenga shabaha?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," Signe akamjibu, machozi yanamlengalenga.

Habari zikaenea. Sasa wanaume wa bonde zima wanasema Jumatatu watasimama langoni kwetu na bunduki zao ili banda lisipekuliwe, wafuga ng'ombe, mwalimu wa hesabu, hata mzee Einar anayetembelea fimbo, na wake zao wameleta mabakuli ya viazi vya jibini mpaka friji haifungi. Jana walipita mbele ya nyumba, pikapu moja baada ya nyingine, kila dereva amevua kofia kwa heshima, na Orrin, ambaye hakulia hata kwenye maziko ya baba yake, alisimama kibarazani akalia. Na mimi mwili ulinisisimka, sikujua tunapendwa kiasi hicho. Lakini kila nikimtazama Einar namwona amelala langoni, damu inamtoka. Chapa yenyewe, kile chuma cha kugongea, nimeificha ndani ya kopo la sukari, Orrin anaitafuta kila mahali. Nawaza kupakia vile vyuma garini nimpelekee Signe kimyakimya, Orrin akiwa kwa daktari wa masikio. Je, nitakuwa nimemwokoa au nimemsaliti?

Arlys, mashariki mwa Montana

*

Arlys, futa machozi, weka kahawa jikoni, kisha usome pole pole.

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nywele zilinisimama pia. Zile kofia zilizovuliwa ni kitu kikubwa, usiruhusu mtu akuambie vingine. Lakini kilichonishangaza zaidi ni yule binti. Ana serikali nzima nyuma yake, naye amekuja peke yake, akavua viatu. Hilo ulilipita haraka mno, mama.

Sasa sikiliza. Sheria ya jimbo inaweza kumfunga mikono sherifu wenu asimsaidie Signe. Kumfunga Signe mwenyewe haiwezi, na mahakama zimeshalisema hilo. Chapa ya Orrin ni nzuri, ni ya fundi mwenye fahari, lakini kizimbani itasomwa kama ushahidi dhidi yake.

Na wewe acha ujinga. Irudishe chapa mezani leo, kabla hujaongeza kosa la kuficha juu ya kosa la mumeo. Nyuma ya mgongo wake usipeleke hata parafujo. Akirudi kwa daktari akakuta banda tupu, utakuwa umemwokoa na jela ukampoteza nyumbani. Tafuta wakili leo hii, asiwe rafiki wa sherifu. Viazi vinaliwa, Arlys, lakini hakuna bakuli litakalokaa gerezani badala ya Orrin.

Kisha waite wote jikoni, Jumapili baada ya ibada, na Einar apewe kiti. Wape kahawa. Washukuru, tena kwa moyo, maana wanastahili. Halafu mbele yao wote mwambie Delmar hivi: "Sherifu, ulisema watakukuta wewe kwanza. Nenda kalete kizuia sauti chako, ukiweke hapa mezani pamoja na vya Orrin, na kesho uingie naye mjini, umwambie mwendesha mashtaka kuwa hiki ni chako."

Usiongeze neno. Mwache Orrin amtazame usoni.

Delmar akikileta, mumeo ana rafiki wa kweli, nao watakwenda mjini wawili. Akianza kutafuta kofia yake aondoke, hutakuwa na haja ya kumshawishi Orrin. Mwenyewe atakuomba funguo za gari aende mjini kwa Signe.