Kaka Hapitwi Njiani

Kambarage, Shinyanga

Mama mpendwa,

Shikamoo. Moshi wa jiko la machimboni umeacha kukubana kifua, au bado unakohoa? Sisi huku hatujambo. Wadogo wanakula na kugombana, na kuku wako mwekundu ameatamia. Barua hii nimempa Mama Zuhra, anakuja Geita na dagaa zake, maana simu yako haipatikani.

Mama, Paskazia ameshinda! Mita elfu tatu, mkoa mzima, na darasani bado ndiye wa kwanza. Atasomeshwa bure mpaka kidato cha sita. Nikimtazama akiosha vyombo najiuliza kama kweli ndiye yule niliyembeba mgongoni.

Unakumbuka alivyokuwa akimaliza wa pili kila mara, na nafasi ya kusomeshwa ni ya wa kwanza tu. Wa pili hupewa mkono na kipande cha sabuni. Mwalimu wake wa michezo, Asteria, alimbana aseme kwa nini hampiti aliye mbele ilhali pumzi anayo. Akajibu kwamba tangu utotoni hukimbia alfajiri nyuma ya baiskeli yangu ninapopeleka madumu ya maji kwa mama lishe, na kaka hapitwi njiani, ni utovu wa adabu. Niliposimuliwa nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaniisha.

Basi nikashusha madumu, tukaenda kwenye ule mwinuko wa barabara ya Tinde, nikamwamuru anipite. Alipiga goti kwanza, akaniomba radhi. Kisha akanipita, Mama! Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona mgongo wake akikimbia. Niliuona ukienda, ukipungua, nami nimeduwaa kama ng'ombe aliyeona treni. Aliporudi alisema wabeja kaka, asante kwa kunipunguzia mwendo. Nikainama kukagua mnyororo wa baiskeli.

Asubuhi ya mashindano niliiona hofu machoni pake: huko uwanjani nani atampunguzia mwendo? Ndipo nikamwambia lile ambalo hakuna kaka anayependa kulisema, na leo nakuambia wewe. Sikupunguza. Baiskeli ilikuwa tupu, nilikanyaga kwa nguvu zote alizonipa Mungu, na sikumkamata. Akavua kandambili, akaingia uwanjani.

Jumatatu anaondoka kwenda shule ya bweni. Maji nitapeleka peke yangu, na najua nitakuwa nikigeuka nyuma kwa mazoea. Usinihurumie, Mama. Nina furaha mpaka naogopa.

Wasalimie wachimbaji wanaokula kwako, uwaambie una binti.

Ni mimi mwanao, niliyepitwa,
Nkwabi