Vumbi jeupe chumbani kwa mama mkwe

Shosti, nimejifungia chooni. Usicheke.

Unakumbuka kile kimashine cha mvuke nilichomnunulia mama mkwe, maana hewa ya chumba chake ni kavu mpaka anatoka damu puani? Karatasi yake ilisema kabisa tusitumie maji ya chumvi. Mimi kwa uvivu nikajaza ya bomba. Haya haya yetu yanayoacha ukoko kwenye birika!

Leo kaamka, kabati jeupe, mto mweupe, mpaka miwani nyeupe. Akasema ni jirani yetu, yule fundi wa dari za jasi, ndiye anayetuletea vumbi. Nikajua palepale kuwa ni chumvi ya maji ya bomba, kimashine kimeipuliza pamoja na mvuke. Nikanyamaza.

Nikanyamaza, shosti!!

Akaenda kumfokea mbele ya wateja wake: "Unataka kuniua na vumbi lako?"

Fundi wa watu kaja na kitambaa, kafuta chumba kizima, "samahani mama, samahani mama." Na mimi nimemshikia ndoo. Nimemshikia NDOO!

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mama mkwe akanishika mkono, akamwambia, "Kama si huyu mwanangu na mvuke wake, ungeshanimaliza."

Fundi akanitazama: "Mungu akubariki, dada."

Halafu kwa wema wake, kabla ya kuondoka, akakijaza kimashine maji. Ya bomba.

Sasa hivi nasikia naitwa: "Mwanangu, njoo uniongezee mvuke kidogo."