Unga wa Nikeli kwenye Karai la Shemeji

Macalder, Jumatano

Na bado anacheka! Shemeji yangu Odhiambo, mchimba dhahabu, mtu mzima na ndevu zake, ameuosha unga wa Akinyi kwenye karai akitafuta dhahabu.

Akinyi ni binti yangu, na hapa kwetu hakuna mwingine anayesomea kemia digrii ya pili. Aliuacha mezani akaenda kuoga. Una nikeli ndani. Ukipitishiwa gliseroli, ule uchafu unaobaki watu wakitengeneza dizeli kwa mafuta ya kupikia, unga huo unaigeuza kuwa gesi. Kesho alikuwa aupeleke Homa Bay kwa mwalimu wake. Asipokuwa na kitu cha kupima, nafasi yake ya maabara anapewa mwingine.

"Nyar Karungu, nilijua mnaficha mali," shemeji akaniambia, akiniita kwa kwetu nilikozaliwa, zebaki yake ya kunasia dhahabu bado iko kwa karai. "Kumbe ni majivu!"

"Majivu ni hiyo akili yako!"

Ati kosa ni langu, anasema, kwa sababu nilisema kanisani mwanangu ana unga unaoshinda dhahabu. Nilisema. Na Jumamosi, siku yetu ya ibada, nitasema tena!

Akinyi alitoka bafuni, akaliinamia lile tope la kwenye karai.

"Mama, zebaki imeingia. Unga haufanyi kazi tena."

Halafu akamgeukia yule mtu, kwa upole kabisa: "Pole, baba mdogo. Umechoka bure."

Pole! Yeye ndiye anampa pole!

Adabu hiyo nilimfundisha mimi. Leo natamani ningemfundisha na matusi kidogo.