Mguu Unaobaki Mlangoni

Kambini Ifo

Abaayo Hodan, dada yangu,

Assalaam alaykum. Magoti ya hooyo, mama yetu, yanaendeleaje na joto la huko Galbet, Garissa? Watoto wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kichwa kimenivurugika.

Unajua nafanya ukarani kwenye karakana ya miguu ya bandia. Sasa kila mguu umewekewa kihisi, kidude kidogo kama kifungo, kinachoonyesha kama mwenyewe anautumia. Mimi nasoma kompyuta. Mguu wa Maalim Gedi, anayefundisha watoto Qurani kwenye duksi, madrasa ya hapa, unaonekana umelala karibu mchana kutwa. Bosi akasema, "Usiotumika apewe mwingine. Wanaosubiri ni wengi." Na kweli ni wengi.

Nikamwita Maalim. Alicheka.

"Karani, mguu wako una kiatu. Niingie duksi na kiatu, nikanyage mkeka wa kusomea Qurani?"

"Si ukivue, Maalim?"

"Fundi wenu amenikataza! Nikikivua, mguu unakuwa mfupi, nayumba kama ndama wa ngamia aliyezaliwa leo. Kwa hiyo nauvua mguu mzima, nauacha mlangoni na ndara za watoto. Ndani natambaa."

Abaayo, mashine haikudanganya, na Maalim hakudanganya. Sasa niandike nini? Nilipomweleza bosi, alisema hataki hadithi za viatu. Mkataba wangu unaujua ulivyo, si wa kubishana naye. Halafu sijui nilipatwa na nini, mdomo ukasema wenyewe: "Viatu vyake vya ndani viko njiani kutoka Garissa." Akasema haya, tutaona Jumatatu.

Hakuna viatu njiani. Ila kuna vile vya marehemu aabo, baba yetu, alivyonunua vya Idi asiwahi kuvivaa. Havijagusa mchanga hata siku moja. Maalim angevivaa duksi tu. Sijui kama vitamtosha, sijui hata kama nina haki ya kumwomba hooyo kitu hicho. Fundi anasema kisigino kikizidi atakipunguza, na hilo nalo sijui hooyo atalichukuaje. Mwambie akishakunywa chai, si kabla. Na usitume cha kushoto peke yake. Mguu wake mzima nao utataka kiatu.

Nisalimie adeer, ami yetu wa soko la mbuzi, na mama jirani mshonaji, mwambie shati lake bado linanifaa.

Basi la huku hutoka mapema Jumamosi. Mpe dereva mkononi, umwambie asivijaribu.

Nimeshasema viko njiani, abaayo. Tafadhali viweke njiani.

Mdogo wako anayekutegemea,
Abdi