Sifuri Nilizompa Bibi Zaina

Muyinga, Jumamosi jioni. Mvua imekatika sasa hivi, viatu vyangu vimelowa chapachapa, na moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu kule chuoni Gitega ni kupima protini kwenye damu ya wazee. Kuna protini moja inaitwa tau, kila ubongo unayo. Kwa mtu ambaye ugonjwa wa kusahau umemwanza, inaharibika, inajikusanya kwenye ubongo, na kiasi fulani kinatoka mpaka kwenye damu. Kwa hiyo kwanza tunampa mzee maswali ya kumbukumbu, tunamweka kundi la wagonjwa au la wazima, halafu tunapima damu tuone kama vinakubaliana.

Damu ya Bibi Zaina (si jina lake) ilikataa. Yeye ni fundi cherehani wa hapa Muyinga, na mimi mwenyewe ndiye niliyemweka kwa wagonjwa. Jumatano mashine ikasema tau yake iko chini kabisa, kama ya msichana. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikalaumu friza, nikalaumu umeme, nikalaumu barabara. Kutwa nzima nililaumu damu ya watu.

Alhamisi ndipo nikatoa karatasi yake ya maswali.

Leo ni tarehe ngapi? Alijibu tarehe kumi, Rajabu. Sifuri. Tuko mkoa gani? Muyinga. Sifuri, kwa sababu mikoa imepangwa upya na sasa Muyinga iko ndani ya Buhumuza, jina ambalo hata mimi bado linanipiga chenga. Mji mkuu? Bujumbura. Sifuri, kwa sababu siku hizi ni Gitega. Chora saa. Akasema hajawahi kushika kalamu maisha yake yote. Sifuri.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jamani, mimi nimekulia kambini Tanzania, jirani zetu walikuwa Waislamu, kila Idi nilikula pilau yao. Kalenda yao naijua ipo. Nilikuwa na haraka tu, ndiyo ukweli.

Na sijamaliza kukiri. Siku ile ya maswali nilimvuta pembeni mwanawe mkubwa, nikamwambia mama ameanza kusahau, mumwangalie. Sikuwa na ruhusa. Majibu ya utafiti hayagawiwi mlangoni. Nilitaka kuonekana mtu mwema. Basi yeye akaifungia cherehani ya mama chumbani na ufunguo akautia mfukoni, mama asije akaharibu vitambaa vya wateja. Ramadhani hiyo inakuja. Nguo za Idi ndizo maisha ya yule mama, mwaka mzima anazingojea.

Kosa ni langu.

Jana nilimweleza msimamizi wangu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nina uhakika nataka kuubomoa mchoro wetu mzuri, ule unaoonyesha maswali na damu vikikubaliana, kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia si mmoja. Kila mzee aliyejibu maswali yale atarudiwa, hata kama mwaka utaisha. Leo alfajiri nikaondoka Magarama, mtaani kwangu Gitega, na gari la kwanza.

Mwanawe hakunipokea vizuri, na ana haki. "Siku ile ulisema mgonjwa, leo unasema mzima. Tukuamini wapi, dokta?"

Bibi Zaina ndiye aliyekuwa na jibu. Alivuta futi yake ya kupimia, akanisimamisha, akanipima mabega, kifua, kiuno, mikono, urefu. Akampima mwanawe. Akampima mkwewe. Kila namba alikuwa anaitaja kwa sauti, mimi nikaandika kwenye daftari langu, yeye hakuandika kitu. Tukanywa chai, tukaongea habari za mvua na maharage karibu saa nzima. Halafu akatutajia vipimo vyote, mtu mmoja mmoja, mimi nikifuata kwa kidole kwenye daftari. Hakukosea hata kimoja. Mimi nilikuwa nimeshasahau hata kiuno changu mwenyewe.

Mwanawe akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya mama yake.

Jumatatu niko maabara. Maswali tunayaandika upya, na safari hii nitakaa kwanza na wazee wenyewe, wa mjini hapa na wa milimani kule Bugendana, waniambie wao wanazihesabu vipi siku zao. Mchoro ukiharibika, uharibike. Tutachora mwingine.

Nilipokuwa naaga, Bibi Zaina alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi ya Shaabani. Nikakiri siijui.

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Usiogope, mtoto wangu," akasema. "Mi siendi kumwambia mama yako kwamba umeanza kusahau."